Papa Foto na Mungereza Wake

Ukiingia kwa nyumba ya muntu wa Kalemie aliyefunga ndoa wakati wa treni za moshi, angalia ukutani. Kama utaona picha yenye bibi arusi ni ukungu mweupe, bwana arusi ni ukungu mweusi, na nyuma yao kuna lokomotive safi kabisa, mpaka unaweza kuhesabu misumari yake mumoja mumoja, usiulize nani aliipiga. Ni yeye. Muji muzima tulimuita Papa Foto, na wamama wengine walimuita majina yenye siwezi kuandika hapa, juu mama yangu atasoma.

Kwetu picha ile ilikuwa imetundikwa juu ya meza ya kulia. Papa yangu alikuwa mashinisti. Yeye njo alikuwa anaendesha treni kutoka Kalemie mpaka Kabalo na kurudi. Nilipokuwa na miaka mine alikufia Kabalo kwa homa ya siku tatu, wakamurudisha kwa treni ndani ya sanduku lililokwisha kupigwa misumari. Karte yake ya kazi, yenye kuwa na picha yake, baba mudogo aliiweka ndani ya sanduku palepale Kabalo. Tulipomuuliza kwa nini, alishangaa. Akasema: "Muntu wa reli atapitaje bila karte? Huko juu watamujua na nini?" Basi, huko juu wanamujua vizuri. Sisi huku chini tulibaki na ukungu mweusi wenye koti.

Nikiwa mudogo nilifikiri ni kawaida, kwamba wapapa wote wakikufa wanakuwa vile. Nilipoanza masomo nikaona wenzangu wako na wapapa wenye pua. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu, kuona sura ya papa yangu. Na muntu aliyeninyima sura ile ni huyu ninayemuandika. Nilijaribu sana kumuchukia. Haikuwa rahisi, juu alikuwa anachekesha.

Wacha nieleze vile alikuwa anatumika. Wakati wa Zaire, na hata kabla ya jina lile, kupiga picha ya gare ya treni, ya port ya meli, ya daraja, hata ya behewa lililolala bila magurudumu, ilikuwa imekatazwa. Askari akikuona umeelekeza aparei yako ya picha upande wa reli, wewe ni mupelelezi, utaenda kueleza biro ya usalama unatumikia nchi gani. Lakini ndoa? Nani atakataza watu wa ndoa kupiga picha? Basi Papa Foto akapanga akili. Kila Jumamosi aliwangojea maarusi kwa mulango wa kanisa, akawapeleka gare, akawasimamisha mbele ya mashini, akawaambia wacheke. Halafu aligeuza lensi pole pole mpaka lokomotive ikae sawa. Maarusi walikuwa pazia tu. Askari waliokuwa pale walipiga makofi, na mumoja alikuwa anaimba.

Wiki ya pili bibi arusi anarudi amekasirika.

"Papa Foto, mbona sura yangu haionekani?"

"Mama, hiyo njo mode ya Paris. Sura ya wazi ni ya karte d'identité. Ya ndoa inatakiwa kuwa na siri kidogo."

Utauliza kwa nini watu waliendelea kumufuata. Kwanza alikuwa mumoja tu. Mwenzake mwenye alikuwa na studio karibu na soko alihamia Kigoma na hakurudi. Tena, ukiolewa na muntu wa reli, picha bila mashini ilikuwa sawa na kuolewa na muvivu. Wakwe walitaka kuona mashini. Sura ya kijana waliijua tayari, na wengine haikuwafurahisha sana.

Kati ya mashini zote za Kalemie aliipenda moja, ile ya papa yangu, tuliyoita Mungereza. Watu wa atelie, karakana ya reli, walisema ilitengenezwa kwa Waingereza, na kweli ilikuwa na kibao cha shaba chenye maneno ya kwao. Lakini jina lilitoka kwa tabia yake. Mashini zingine zilikuwa zinavumilia. Mungereza lazima asimame anywe maji. Gare ya Niemba anakunywa, ya Nyunzu anakunywa, katikati ya pori pasipo hata nyumba moja anakunywa. "Anakunywa chai yake," mashinisti walikuwa wanasema, na wao wanashuka kunywa yao, yenye haikuwa chai.

Siku zile tulizoambiwa kutupa majina ya watakatifu, kuitana Citoyen, ndiyo raia, na kuvaa abakosi, koti lile lisilo na tai, muntu mumoja wa chama alikuja gare na karatasi yake. Akauliza kwa sauti kubwa kwa nini mashini ya taifa inabeba jina la wazungu. Wakubwa wote wa gare wakaangalia viatu vyao. Papa Foto akavua kofia.

"Imekwisha kubadilisha, Citoyen. Sasa inaitwa Citoyen Mungereza."

Muntu wa chama akafikiri kidogo, akaandika, akaenda. Nasikia mpaka leo kuna karatasi Kinshasa yenye jina lile.

Halafu alisikia kwa redio kwamba huko kwao Waingereza wenyewe wamezima mashini zao za moshi na wanazikata kuuza chuma. Siku mbili Papa Foto hakula. Mukubwa mumoja wa parokia alikwenda kumupa pole, akifikiri amefiwa. "Nimefiwa," akajibu. "Watu gani wanachinja mama yao sababu amezeeka?" Tangu pale alisema Mungereza wetu njo wa mwisho duniani pote, na hakuna aliyemupinga, juu hakuna aliyekuwa amekwenda kuangalia. Alikuwa anapiga picha kama muntu anayechota maji kabla mufereji haujafungwa. Asubuhi, muchana, mashini ikiwa na moshi, ikiwa baridi, ikiwa imebeba samaki wa kupeleka Kabalo. Kama hakuna ndoa, alikodi maarusi. Nawaambia kweli. Kuna mama mumoja pale Kalemie aliyevalishwa nguo nyeupe mara sita na hajaolewa mpaka leo.

Na muntu huyu mwenye kupenda treni hivyo hakupanda treni hata siku moja. Kwenda kumuona dada yake Nyunzu alikwenda na kinga, baiskeli yake, siku nyingi porini, anarudi magoti yamevimba. Ukimucheka anasema: "Mwenye kupiga picha ya simba, ni lazima amupande mugongo?" Alikuwa anaogopa. Mwendo, kelele, daraja, vyote. Akisikia filimbi karibu anashika ukuta.

Alivaa koti la mvua mwaka muzima, hata jua la kiangazi likiwaka, sababu ndani yake njo aparei ilikuwa inajificha. Ukimukuta sokoni jasho linamutiririka mpaka kwa viatu, unamuuliza: "Papa, utanyesha wewe ao mvua?" Anafunga kifungo kingine. Picha alizisafisha na maji ya ziwa na kuzianika kwa kamba moja na ndakala, dagaa za bibi yake. Kwa hiyo picha zote za ndoa za Kalemie zinanuka samaki, na kuna ndoa moja paka alikula bibi arusi mpaka kwa magoti. Papa Foto akaipeleka vilevile. Akasema ni mode ya Paris.

Lakini jambo lililonishinda kabisa ni kwamba watu hakuwa anawaona. Alikuwa anakutana na wewe njiani, ulikula naye, ulisali naye, hakujui. Halafu anakuangalia tena, anapiga mukono kwa paji la uso: "Aaa! Wewe ni wa ile kumi na mbili, yenye taa moja!" Aliwasalimia watu kwa mashini iliyokuwa nyuma yao siku ya ndoa. Mama yangu, Papa Foto alikuwa anamuambia kila Jumapili nje ya kanisa: "Mama, Mungereza hajambo?" Mimi aliniita mutoto wa Mungereza. Mama alikuwa anafunga kitenge upya, ile namna wanawake wanafunga kabla ya kupigana, halafu anakumbuka ametoka kupokea komunyo.

"Niliolewa na mashini," alikuwa anatuambia nyumbani. "Angalieni wenyewe. Bwana yangu iko wapi hapo?"

Yaliyotokea biro ya usalama, siku Papa Foto alikamatwa, amenisimulia mama mwenyewe, na kila mara anayasimulia amesimama, juu akikaa mikono haipati nafasi.

Alikuja lietena mupya, mukubwa wa askari, mutoto wa mbali, mwenye Lingala yote na Kiswahili cha kutukana tu. Hakudanganywa na makofi ya ndoa. Alimukamata Papa Foto na sanduku lake zima, picha na negatifu, akavitandika juu ya meza.

"Hizi ni ndoa?"

"Ndoa tupu, Chef."

"Watu wako wapi?"

"Hawa hapa, Chef."

"Hawa ni moshi!"

"Chef, walikuwa na furaha. Walitikisika."

Lietena akamupiga teke ya kwanza. Halafu akapata akili: kama kweli ni ndoa, bibi arusi mumoja aje ajitambue mwenyewe. Akavuta picha iliyokuwa juu. Ilikuwa ya wazazi wangu. Nyuma ya picha Papa Foto alikuwa ameandika "Mungereza", lakini karani wa pale alikuwa ameiona kwetu ukutani, akajua ni ndoa ya nani. Wakakwenda kumuchukua mama sokoni.

Mama aliingia na magamba ya samaki mpaka kwa viwiko. Papa yangu alikuwa na miaka mitano kaburini. Papa Foto alikuwa chini sakafuni, mudomo umepasuka, koti limevuliwa, na mama anasema bila koti alikuwa mudogo kama kuku aliyenyonyolewa. Neno moja tu la kweli lilitosha kumumaliza: kwamba muntu huyu hajawahi kupiga picha ya muntu. Wangemupeleka mbali, na wenye walipelekwa mbali wakati ule tulisikia habari zao kwa kuotea.

"Huyu ni wewe?" lietena akauliza.

"Njo mimi."

"Unajuaje?"

"Baba, nitasahau siku niliolewa?"

"Na huyu?"

Mama akainama juu ya ule ukungu mweusi. Anasema aliuangalia sana, kama muntu anayetafuta sindano.

"Huyu njo bwana yangu. Hii pua yake, haya macho yake. Amekufa, lakini hapa anacheka. Wewe haumuoni? Ao macho yako iko na magonjwa?"

Lietena akachukua picha, akaileta karibu, akaipeleka mbali. Askari wake wote walikuwa wanamuangalia.

"Namuona," akasema.

Wakamuachilia Papa Foto. Sanduku lilibaki, likawa la serikali. Nje, mbele ya mulango, mama akamushika shingo.

"Nimedanganya mbele ya serikali na mbele ya Mungu. Sasa nipe sura ya bwana yangu. Ulipiga ile mashini yake kila siku, na yeye alikuwa ndani. Haukosi hata moja."

"Mama, mashinisti wote walijificha wakiona aparei. Waliogopa kufukuzwa kazi. Hakuna hata mumoja anaonekana."

"Uliangalia?"

Papa Foto akafuta damu kwa mudomo. Mama akamupiga kofi. Lilikuwa moja tu, lakini la mwanamuke mwenye kubeba beseni ya samaki kila asubuhi. Wakatoka pale hawasalimiani miaka mingi, na kila mara nilipouliza habari ya picha, mama alisema: "Muulize mwenye hakuangalia."

Sikumuuliza. Nilikuwa na kiburi cha mama.

Dizeli ilipochukua kazi yote, Papa Foto aliiita sanduku ya sabuni. Hakuipiga hata mara moja. Mungereza alisukumwa kwa reli ya kando, nyuma ya atelie, mbuzi wakalala ndani, na watu wakaanza kumuvua shaba usiku mumoja kipande kimoja. Papa Foto hakupita tena njia ile. Na hapo njo maajabu yalitokea. Picha za ndoa zikawa wazi! Nyuma hakukuwa tena kitu cha kuangalia, kwa hiyo lensi ilibaki kwa watu. Unafikiri watu walifurahi? Wakaja mbio kulalamika. "Papa Foto, mbona pua yangu ni kubwa hivi?" "Papa Foto, huyu bwana ameanza lini kuwa na upara?" Mumoja aliomba kabisa apigwe kama zamani, kwa ukungu. "Mode ya Paris imepita, mama," akamujibu. "Sasa ni mode ya ukweli."

Tulifika miaka ile ya mwisho, kabla nchi haijabadilisha jina tena. Askari walisikia wenzao wamepigwa, wakakimbia na kuacha biro zao wazi. Watu wakaingia. Walichukua viti, milango, hata bakuli la choo, lenye nililiona mwenyewe likipita njiani juu ya kichwa cha mama mumoja mukristo sana. Karatasi za siri zikafika sokoni. Mwezi muzima tulikula karanga ndani ya mambo ya usalama. Mama alinunua ndizi za kukaanga zilizofungwa na barua ya jirani yetu, mwenye alikuwa ameshitaki jirani mwingine juu ya kusikiliza redio ya nje. Aliisoma yote akila.

Papa Foto alikuwa muzee wa fimbo. Alizunguka soko siku nne, hatafuti kiti, anatafuta sanduku lake. Alilikuta Kituku, ufukoni, kwa mama mumoja muuza ndakala. Sanduku lilikuwa linabeba chumvi, na negatifu alikuwa amezifunga kwa nyuzi juu ya samaki, zinacheza na upepo, zinafukuza ndege. Papa Foto alikaa chini kwa muchanga, akafungua moja moja.

Baada ya wiki mbili akanituma muntu: "Mutoto wa Mungereza aje. Mama yake asije. Shavu langu bado linamukumbuka."

Nilikwenda muchana, na hasira yangu yote niliyoitunza. Nilikuwa na miaka makumi mbili na nane, watoto watatu, na hotuba niliyoipanga njia nzima. Nilimukuta amekaa kwa kitanda, muguu mumoja umevimba juu ya kiti. Hotuba nikaisahau.

"Karibu, mutoto. Kaa, lakini si hapo, hapo ni pa kuku."

Nikakaa. Akabaki anasugua magoti. 

"Mama yako aliniuliza siku ile kama niliangalia," akasema. "Sikuangalia. Miaka yote ile, mutoto. Dirisha la mashini niliona ni tundu tu. Nilikuwa naangalia kama chuma inang'aa. Juzi nilipozipata nikachukua lupe, kile kioo cha kukuza, nikasema wacha nimuone Mungereza wangu vizuri kabla sijakufa. Nikakuta muntu ananiangalia. Nilishituka! Nilikaribia kumusalimia."

"Ni nani?"

"Mashinisti wa Mungereza walikuwa wawili. Mumoja alikuwa muzee mwenye ndevu. Huyu hana hata moja. Nilimupeleka kwa mukubwa wa zamani wa atelie, akamujua, akalia. Karatasi ya picha nilikuwa nimebakiza moja tu. Nimesafisha huyu."

Akaitoa chini ya muto. Ilinuka samaki.

Mbele kulikuwa na maarusi, mweupe na mweusi, hakuna anayejua ni wa nani, hata wao wenyewe wasingejijua. Nyuma yao Mungereza. Na kwa dirisha, mukono juu ya chuma, kofia imesukumwa nyuma, alikuwa mwanaume. Yeye hakujificha. Alikuwa anaangalia aparei moja kwa moja, mudomo umefunguka kidogo kwa kuchoka kuwangoja wale watu watoke mbele ya njia yake. Jino moja la mbele halikuwepo. Alikuwa na makaa shavuni. Alikuwa na masikio makubwa, yaliyosimama, masikio yangu, yale niliyofikiri Mungu amenipa mimi peke yangu kwa kunionea.

Nikalia. Sioni haya kusema, nililia na kamasi.

"Usilie juu yake," Papa Foto akasema. "Nimekuambia karatasi ni ya mwisho."

Nikaifuta na kitenge, nikaangalia tena, na hapo njo nikaona jambo lingine. Alikuwa mutoto. Labda makumi mbili na mine, labda chini ya hapo. Maisha yangu yote nilikuwa natafuta muzee, na huyu alikuwa kijana mwenye ningeweza kumutuma maji kisimani, na angekwenda. Hata mudogo wangu mwenye kunifuata alikuwa amemupita umuri. Sikujua nimusalimie namna gani, nimuite papa ao mudogo wangu.

"Papa," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza ninayokumbuka kumuita hivyo, yule kijana wa dirishani akiniangalia.